Dawa baada ya kiharusi: uamuzi ulioachwa mikononi mwa tabibu wa kata

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali kubwa mjini Moshi, ndugu zake huona kwamba kazi ngumu imekwisha. Roho imesalimika, ulimi umeanza kufunguka, na kilichobaki ni mazoezi ya mkono na mguu. Kwa upande wa tiba, hata hivyo, hapo ndipo unapoanza uamuzi mrefu kuliko yote: atumie dawa gani ili kiharusi kisimrudie, kwa kiwango gani, kwa muda gani, na nani atakuwa na uwezo wa kuzibadilisha hali yake ikibadilika. Uamuzi huo haufanywi na daktari bingwa aliyemwona wodini. Hufanywa mwezi baada ya mwezi na mtu aliye karibu na nyumbani kwa mgonjwa, ambaye kwa sehemu kubwa ya Kilimanjaro ni tabibu wa zahanati au wa kituo cha afya. Hoja yangu ni kwamba tumemwachia tabibu huyo mzigo wote wa kinga bila kumpa taarifa na mamlaka ya kuubeba, na kwamba ndiyo sababu aspirini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu ambayo faida yake ni ya wastani na wakati mwingine ya mashaka, huandikwa kila mara, ilhali presha, ambayo ndiyo chanzo kikuu, huachwa ilivyo.

Katika nchi kama Uingereza kazi hii ni ya daktari wa familia. Kila mkazi amesajiliwa kwake, barua ya hospitali humfikia, na tangu 2004 sehemu ya malipo ya madaktari hao imefungamanishwa na viashiria vya ubora, kimojawapo kikiwa ni kipimo cha presha cha watu waliowahi kupata kiharusi. Hata huko, pamoja na mpangilio wote huo, madaktari husita. Husita kumwongezea dawa ya sita mzee ambaye tayari anatumia tano, husita kuanzisha kilichopendekezwa na bingwa ambaye hatamwona tena mgonjwa, na hujiuliza kama tafiti zilizofanywa kwa watu wenye umri wa miaka 60 zinamhusu mtu wa miaka 85 anayeyumba akitembea. Kusita huko ni sehemu ya weledi. Tofauti ni kwamba wao husita wakiwa na taarifa mezani.

Kwetu, ubingwa wa udaktari wa familia bado ni mchanga. Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Dar es Salaam kimekuwa kikiwafundisha mabingwa hao kwa miaka kadhaa sasa, lakini huwezi kutegemea kumkuta mmoja wao Uru, Kibosho au Mwika. Anayekaa kwenye kiti hicho ni mhitimu wa stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, ambaye asubuhi ileile ameshaona watoto wenye homa, mjamzito mwenye uvimbe wa miguu na kijana aliyeanguka na bodaboda. Simtaji kwa kumdharau. Kazi ya kufuatilia presha kwa dawa chache zinazofahamika, kwa kipimo kinachotumia dakika tano, iko ndani kabisa ya uwezo wake, na pengine anaifaa zaidi kuliko bingwa, kwa kuwa yeye anamfahamu mgonjwa, anazifahamu shamba na familia yake, na anajua ni mtoto yupi anayetuma pesa ya dawa kutoka Dar es Salaam.

Ukubwa wa tatizo lenyewe hatuna haja ya kuuazima kwingine, kwa sababu Wilaya ya Hai ni miongoni mwa maeneo machache ya vijijini barani Afrika ambako kiharusi kimehesabiwa nyumba kwa nyumba. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, mradi wa utafiti wa matukio ya kiharusi nchini ulifuatilia wakazi wapatao 160,000 wa Hai pamoja na wakazi zaidi ya 56,000 wa Dar es Salaam, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Hesabu iliporekebishwa kwa umri kulingana na idadi ya watu duniani, Hai ilikuwa na viharusi vipya takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takribani 316, kiwango ambacho ni cha juu hata kikilinganishwa na cha nchi tajiri. Waliofuatiliwa Hai baada ya kupata kiharusi walikufa kwa wingi. Baada ya miaka mitatu zaidi ya nusu yao hawakuwapo tena. Utafiti mwingine katika wilaya hiyohiyo uliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, ukakuta takribani saba kati ya kila kumi wana shinikizo la juu la damu, na waliokuwa wamelidhibiti kwa dawa walikuwa wachache mno. Watafiti waliozungumza na wanajamii walibaini pia jambo linalopaswa kututia moyo: wakati wengi wa Dar es Salaam walikihusisha kiharusi na mapepo au uchawi, watu wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na kauli ninayoisikia mara nyingi, kwamba kikwazo ni imani za wananchi. Mwananchi wa Hai alishaelewa kwamba ni presha, na sasa anasubiri huduma imfikie.

Na presha ndiyo mahali ambapo ushahidi ni mzito kuliko kwingine kokote. Utafiti wa PROGRESS, uliochapishwa mwaka 2001, uliwaweka kwenye majaribio watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, wengine wakapewa dawa za kushusha presha na wengine vidonge visivyo na dawa. Viharusi vya kurudia vilipungua kwa asilimia 28 kwa ujumla. Lakini lililo muhimu kwa tabibu wa kata limejificha ndani ya wastani huo: waliopewa dawa mbili kwa pamoja, perindopril na indapamidi, walipata punguzo la asilimia 43, ilhali waliopewa perindopril peke yake hawakuonyesha nafuu inayoeleweka. Faida ilionekana kwa walioziba mshipa na kwa waliovuja damu kwenye ubongo. Ilionekana hata kwa baadhi ya watu ambao presha yao haikuwa ya juu kwa tafsiri ya kawaida.

Tuyatazame maana yake pale kliniki. Uamuzi wa kushusha presha, wiki kadhaa baada ya tukio, hauhitaji picha ya ubongo, kwa kuwa jibu ni lilelile kwa kiharusi cha aina yoyote. Hauhitaji bingwa. Unahitaji dawa mbili za bei nafuu na mtu aliye tayari kupandisha dozi. Kuhusu dawa zenyewe tuna utafiti wa Waafrika wenzetu: CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kufanyika katika nchi sita zilizo kusini mwa Sahara, zikiwamo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kupunguza maji mwilini ya haidroklorothiazaidi, au na perindopril, hushusha presha vizuri zaidi kuliko perindopril na haidroklorothiazaidi bila amlodipini. Tabibu anayeanza na amlodipini, kisha akaongeza dawa ya maji pale inapobidi, anatembea juu ya ushahidi imara kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachotokea ni tofauti. Niliwahi kuonyeshwa na binti wa mzee mmoja wa Kibosho daftari la kliniki la baba yake, lile la shule lenye mistari, lililojaladiwa kwa gazeti ili lisichakae. Mzee alikuwa amepata kiharusi upande wa kulia. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, muhuri, kipimo cha presha na mstari mmoja wa maelezo. Vipimo vilikuwa 170/100, kisha 164/96, kisha 172/98, vikaendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila kimoja kumeandikwa neno lilelile: aendelee. Aendelee na nini? Amlodipini miligramu 5, mara moja kwa siku, na aspirini. Hakuna aliyefanya kosa ambalo ungeweza kumnyooshea kidole. Presha ilipimwa, iliandikwa, dawa ilitolewa. Ila hapakuwa na mtu aliyejiona ana ruhusa ya kuandika 10 badala ya 5, au kuongeza dawa ya pili, kwa sababu dawa ile ilianzishwa na wakubwa.

Huo woga una mantiki yake. Dozi ikipandishwa na mgonjwa akaanguka bafuni, lawama itamwangukia aliyepandisha. Dozi ikiachwa na mgonjwa akapata kiharusi cha pili, itasemwa ni ugonjwa umerudi. Mfumo unamwadhibu anayetenda na kumsamehe asiyetenda, na mwongozo wowote usiogusa jambo hilo utabaki kwenye kabati la mganga mfawidhi.

Ipo pia sababu ya upande wa pili wa meza, ambayo tabibu mzoefu huipata kwa kuuliza tu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Dawa za presha unakunywa kila siku?”

“Nakunywa. Nikisikia kichwa kinagonga nakunywa. Kisipogonga naziweka, zisiishe haraka.”

Mzee huyo anatumia dawa kwa uangalifu mkubwa, kwa hesabu ya mtu anayejua bei ya kila kidonge, na akiongezewa dozi bila kuulizwa swali hilo atakuwa ameongezewa dawa asiyoinywa. Kwa sababu hiyo naona kwamba kabla ya kubadilisha chochote kwenye cheti, swali la kwanza liwe lile la babu, na liulizwe bila sauti ya kukemea, maana akikemewa ataficha.

Sasa aspirini. Kwa kiharusi kilichothibitishwa kuwa ni cha mshipa kuziba, hakuna ubishi: aspirini hupunguza uwezekano wa kurudi, na sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana katika majuma ya mwanzo, wakati hatari ikiwa juu kuliko wakati mwingine wowote. Utata unaanza pale ambapo aina ya kiharusi haijulikani. Katika uchunguzi wa kimataifa wa INTERSTROKE, uliochapishwa mwaka 2010, takribani theluthi moja ya wagonjwa wa Afrika walikuwa wamevuja damu kwenye ubongo, wakati katika nchi tajiri walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo daktari wa London anayekisia kwamba mgonjwa wake ameziba mshipa atapatia mara nyingi. Tabibu wa Himo akikisia hivyohivyo atakosea mara nyingi zaidi. Dalili za nje hazitofautishi kwa uhakika. Maumivu makali ya kichwa na kutapika huelekeza kwenye uvujaji, lakini si kila aliyevuja anatapika.

Mashine za CT skani si ngeni tena kanda ya kaskazini kama zamani. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya mlima, inayo huduma hiyo, na katika miaka ya karibuni serikali imesambaza mashine katika hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo mgonjwa anaweza kufika siku ya nne, au familia ikashindwa kulipia, au picha ikapigwa na majibu yakabaki kwenye faili la hospitali. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halitokani na umaskini. Karatasi ya ruhusa huandikwa “CVA”, herufi tatu zinazomaanisha kiharusi na si zaidi, chini yake orodha ya dawa, kisha agizo la kuhudhuria kliniki iliyo karibu. Aliyepiga picha anajua kama ni damu au ni mshipa kuziba. Atakayeandika dawa kwa miaka kumi ijayo hajui.

Je, tabibu asiyejua afanye nini? Hapa napingana kidogo na wanaosema aspirini iachwe kabisa bila picha. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 1997, IST na CAST, yaliyohusisha kwa pamoja wagonjwa wapatao 40,000, yaliruhusu baadhi kuanza aspirini kabla ya picha, na mamia waliogundulika baadaye kuwa walikuwa wamevuja damu hawakuonyesha madhara ya wazi kutokana na dozi hizo chache. Jaribio la RESTART la Uingereza, la mwaka 2019, lilienda mbali zaidi: lilichukua watu 537 waliovuja damu kwenye ubongo wakiwa wanatumia dawa za aina ya aspirini, likakuta kwamba waliorudishiwa dawa hizo hawakuvuja tena zaidi ya walioachishwa. Lakini wagonjwa wa RESTART walifuatiliwa kwa karibu, na walikuwa na sababu nyingine ya kutumia dawa hizo, kama ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mzee wa 170/100 asiyejulikana alipata kiharusi cha aina gani hafanani nao. Kwake yeye kila mwezi wa aspirini bila presha kushuka ni kuongeza hatari juu ya hatari. Msimamo wangu, basi, ni kwamba presha ishushwe kwanza, jibu la picha litafutwe kwa simu ikibidi, na aspirini ya muda mrefu isiwe kitu cha kuandikwa kwa kuwa tu neno kiharusi limetajwa.

Kwa wanaopewa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, pamoja na aspirini, tatizo ni jingine: dawa hizo mbili kwa pamoja zimethibitika kufaa kwa viharusi vidogo kwa muda mfupi, wiki tatu katika utafiti wa China wa 2013, na zikiendelea kwa miezi, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Anayezianzisha asipoandika tarehe ya kusimamisha, hazitasimamishwa.

Kuhusu statini, dawa za kupunguza lehemu kwenye damu, nitakuwa mfupi. Utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 ulitumia atorvastatini ya miligramu 80 na kupunguza viharusi kwa asilimia 16, huku viharusi vya kuvuja damu vikiongezeka kidogo. Ni faida ya kweli kwa walioziba mshipa. Lakini kwa familia inayonunua dawa kutoka mfukoni, na inayopaswa kuchagua, statini ni ya kukata kabla ya dawa ya pili ya presha, na tabibu aambiwe wazi kwamba anaruhusiwa kushauri hivyo badala ya kuiacha familia ikate kwa kubahatisha. Nimeona watu wakiacha amlodipini na kuendelea na atorvastatini kwa sababu ile ya ghali ndiyo iliyoonekana kuwa ya maana.

Mahali ambapo tabibu hapaswi kuachwa peke yake ni kwenye moyo. Mapigo yasiyo na mpangilio hutuma mabonge ya damu kwenye ubongo, na kwa wagonjwa hao wafarini, dawa kali zaidi ya kuzuia damu kuganda, hupunguza viharusi kwa takribani theluthi mbili, wakati aspirini hupunguza kwa takribani moja ya tano tu. Kuyagundua mapigo hayo kunaanza kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, kitendo ambacho mashine za presha za kidijitali zimetufanya tukisahau. Kwetu kuna jambo la ziada: homa ya baridi yabisi ya utotoni huharibu vali za moyo, na vijana wenye madhara hayo hupata viharusi mapema. Wengi walitarajia kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara zingewaokoa. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kinyume: kwa wenye ugonjwa huo wa vali, wafarini na dawa za kundi lake zilizuia vifo vizuri kuliko rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo kijana wa Rombo atahitaji wafarini, na wafarini inahitaji kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kikae kati ya 2 na 3, na kipimo hicho kwa wengi kinamaanisha nauli ya kwenda Moshi mjini na kurudi. Hapo rufaa ni lazima, na iwe rufaa ya kweli yenye jina la kliniki na siku.

Limebaki suala la wazee sana, ambalo madaktari wa familia wa Ulaya huliandikia kurasa nyingi na sisi hatulizungumzi. Je, bibi wa miaka 88 aliyelala kitandani, anayelishwa uji kwa kijiko, apandishiwe dozi mpaka presha ifike chini ya 130? Utafiti wa HYVET wa mwaka 2008, uliowahusu watu wa miaka 80 na kuendelea, ulilenga 150 kwa 80, si chini ya hapo, na ukapunguza vifo vya sababu zote kwa asilimia 21. Umri peke yake, basi, si sababu ya kumnyima mtu dawa. Lakini walioshiriki walikuwa wazee wenye afya ya kuridhisha, na wengi wao hawakuwahi kupata kiharusi. Kwa bibi wa kitandani, uamuzi wa haki unaweza kuwa kupunguza: kuacha statini, kuacha aspirini ikiwa anatapika damu au tumbo linamuuma, na kubaki na kidonge kimoja cha presha anachoweza kukimeza. Uamuzi huo ufanywe kwa sauti, mbele ya watoto wake, na uandikwe. Dawa ikiachwa kimyakimya, watoto waliopo mjini watadhani mama ametelekezwa, na wataanza kununua upya kila kilichokuwa kwenye karatasi ya kwanza.

Mambo haya yote yanasimama juu ya upatikanaji. Mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021, huipa kila dawa ngazi yake ya kituo, jambo lenye busara kwa usalama, lakini matokeo yake ni kwamba dawa iliyoanzishwa hospitali ya rufaa inaweza isiwepo kabisa kule mgonjwa anakoishi. Bohari ya Dawa ina kanda yake Moshi, hivyo umbali si kisingizio kikubwa; shida ni maombi ya kituo yanayofuata matumizi ya miezi iliyopita, na kituo ambacho hakijawahi kuwa na dawa ya pili ya presha kitaendelea kuonekana hakiihitaji. Mgonjwa anaishia duka la dawa muhimu karibu na soko, akinunua vidonge vya siku tano kwa pesa iliyopo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itapimwa hapa zaidi kuliko kwenye upasuaji mkubwa: kama mtu aliyepata kiharusi atapata dawa mbili za presha karibu na nyumbani, kila mwezi, bila kukosa. Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vyenye dawa kadhaa kwa pamoja kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka huohuo wa 2023, na kwa mzee anayehesabu vidonge hilo ni jambo la kuangaliwa na wanaopanga manunuzi.

Pengo la huduma likiachwa wazi huzibwa na kitu kingine. Sisi wa kaskazini hatujasahau mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya siku kadhaa kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila, kilichosemwa kuponya magonjwa sugu, kisukari kikiwamo. Sitaki kuwacheka waliokwenda. Watu walichoka kuambiwa waendelee.

Kinachowezekana bila kusubiri bajeti mpya ni karatasi ya ruhusa iliyo bora. Iseme aina ya kiharusi, au iseme wazi kwamba picha haikupigwa. Iseme kiwango cha presha kinacholengwa kwa mgonjwa huyo, na hatua inayofuata kisipofikiwa, kwa maneno ya amri: pandisha amlodipini mpaka 10, kisha ongeza haidroklorothiazaidi. Kila dawa iwe na sababu na muda wake, na palipo na tarehe ya kusimamisha, iandikwe. Chini iwekwe namba ya simu ya kliniki, si ya daktari binafsi, ambayo tabibu anaweza kuipiga saa za kazi. Sentensi ile ya amri ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inahamisha lawama: tabibu akipandisha dozi atakuwa anatekeleza agizo, na asipopandisha itambidi aandike sababu. Nakala moja ibandikwe kwenye daftari la mgonjwa kwa gundi, maana faili hupotea, lakini daftari lililojaladiwa kwa gazeti halipotei.

Wapo watakaosema kwamba mabingwa hawana muda wa kujaza fomu kama hiyo wodi ikiwa imejaa. Mganga mkuu wa mkoa anaweza kulijibu hilo kwa kuagiza kwamba mgonjwa wa kiharusi asipewe ruhusa kabla haijajazwa, kama vile mama aliyejifungua haondoki bila kadi ya mtoto.